Soksi ya Mama wa Wales

Haya alinieleza Kagendo mwenyewe, na Kagendo hana kipaji cha kutunga. Tangu amzike mumewe, Mwaniki, hajalia hata siku moja. Anasema mwili anaoubeba ni kama wa mtu mwingine, na miguu ndiyo imezidi: baridi yote hii ya Johannesburg, haihisi kitu.

Mama mwenye nyumba wake alimtuma apeleke picha kwa Alexis, fundi wa fremu, Mkongo wa pale Braamfontein. Ilikuwa picha ya rangi za mafuta, ya karne ya kumi na tisa. Mchoraji wake, mtu wa Wales, alimchora mamake akifuma soksi ya sufu, akafa kabla ya kuimaliza picha. Soksi ikabaki imeishia kisiginoni.

Kagendo akiwa ndani ya lifti, umeme ukakatika. Mchana kweupe, lakini mle ndani giza totoro.

“Mama, uko muzima?” Alexis aliita kutoka juu.

“Niko.”

Akaegemeza picha ukutani, akangoja. Ndipo akasikia tik, tik, tik, chuma kikigonga chuma, polepole, usawa wa magoti yake. Anasema hata kuogopa kulimshinda.

Taa zikarudi, sauti ikakoma. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na joto.

Akaitazama picha. Soksi haikuwepo tena. Kwenye sindano za yule mama kulikuwa na mstari mmoja tu wa sufu: alikuwa ameanza ya pili.