Mkunjo wa Maiti

Msichana aliingia dukani kwa Fusae Kurimoto akiwa amekunja kimono, lile vazi refu la Kijapani, kinyume, upande wa kulia juu ya wa kushoto. Mtu aliye hai hukunja kushoto juu. Kulia juu ni maiti, anapovalishwa kwenda kuchomwa.

Fusae hakushtuka. Duka lake la kukodisha kimono liko chini kabisa ya ngome, na wageni wanaopanda kupiga picha, wakienda chooni tu, wanarudi wamejikunja ovyo. Sisi wenyeji tumezoea kuwacheka. Akamvuta karibu, akamgeuzia mkunjo, akamkaza mkanda. Shingo ya binti ilikuwa ya baridi, na mwilini alinukia udongo mbichi.

"Sasa nimependeza, shangazi?"

"Umependeza. Usikosee tena."

Kesho yake saa kumi na moja jioni, ngome ilipofungwa, akaja amekosea vilevile. Keshokutwa pia. Hapo Fusae akaanza kumtilia shaka, maana kimono ile ya kijivu haikuwa ya dukani kwake, na hakuna aliyemwona binti huyo akishuka basi wala treni. Akamnong'oneza mwanawe Chinami, aliyefanya naye kazi. Chinami akacheka, akasema mama yake siku hizi kila asiyejua kuvaa anamwona jini.

Lakini jioni hiyohiyo Chinami alivaa sweta mbili. Siku ya nne akashindwa hata supu. Siku ya tano hakuamka, na daktari akapima wee asione ugonjwa. Jioni Fusae akamgeuzia yule msichana mkunjo kama kawaida, mikono ikienda yenyewe kwa mazoea, akaigusa ile shingo, akakuta ina joto, joto zuri la mtu aliyetoka kuoga, na ile harufu ya udongo haipo tena pale dukani, imepanda ngazi, imeingia chumbani, imelala kwenye godoro pamoja na Chinami, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwa vya kijivu.

Akakimbilia hekaluni. Mtawa Ryokei, anayetuzika sote hapa mjini, alikuwa akifagia majani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: nani anayemgeuzia?

"Mimi."

"Basi ni wewe unayemfufua, Mama Kurimoto." Alizungumza chinichini, macho yake yakiwa kwenye ngome. "Kuna binti alifukiwa hai zamani chini ya ukuta wa ngome ile ili usibomoke. Kila ukimvalisha kama mtu hai, anapata siku ya kuishi, na siku hiyo inatoka kwa mwanao. Mvalishe anavyostahili. Kwa mikono yako, si yangu."

Kesho yake msichana alifika mapema. Mashavu yalikuwa na damu. Kimono ilikuwa imekunjwa sawasawa, kushoto juu.

"Leo nimevaa mwenyewe, shangazi. Sijakosea."

Fusae akaufungua mkanda. Akaugeuza mkunjo, kulia juu, huku akisikia kupitia dari pumzi za Chinami zikivutwa moja, kimya, nyingine, kimya kirefu zaidi, na mbele yake binti wa watu amesimama ameinua mikono kwa utiifu kama mtoto anayepimwa nguo ya sikukuu.

"Mbona hivyo? Nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu, mwanangu," Fusae akasema, akafunga fundo la maiti.

Joto likatoka shingoni palepale. Msichana akajitazama kifuani, akaelewa. Akainama kushukuru kwa adabu, akatoka kuelekea ukutani.

Juu, Chinami akaita anaomba maji. Fusae akampelekea, akamkumbatia, akalia sana. Chinami anadhani mama yake alilia kwa furaha. Fusae hajamwambia mpaka leo kwamba mkanda ule, kabla ya kuukaza, aliushika mikononi muda mrefu, akiwa hajui anataka abaki nani.