Swali la Tatu kwa Mtengeneza Taji

Kiti kilikuwa na joto. Mkutubi alikuwa akipanga viti vinne kuzunguka meza ya chumba cha magazeti ya zamani, maktaba imeshafungwa tangu saa saba ya mchana wa Jumamosi, na alipovuta kiti cha tano ili akirudishe ukutani, kiganja chake kikahisi joto kwenye mbao, joto la mtu aliyekaa muda mrefu akainuka sasa hivi. Akautazama mlango. Akajiambia ni jua la dirishani. Dirisha la chumba kile linatazamana na ukuta wa jirani, na jua halijawahi kuingia humo hata siku moja.

Hakuwa na nafasi ya kuwaza viti. Kwa wiki tatu alikuwa akiandaa mchezo wa hadithi, ule wa kuchezwa mezani, ambao kila mtu huvaa nafsi ya mtu mwingine na kutembea naye katika nchi ya kubuni kwa maneno tu. Msimulizi husema kinachoonekana, wachezaji husema wanachofanya, na penye shaka dadu huamua. Msimulizi ndiye yeye. Alikuwa ameandika kisa cha mauaji: mji uliojengwa juu ya mgongo wa joka lililolala, malkia anayekaribia kutawazwa, na mtengeneza taji aliyekutwa amekufa ndani ya karakana yake, mlango umefungwa kwa ndani. Waliotiliwa shaka walikuwa watatu: mpishi wa malkia, mwanafunzi wa marehemu na mlinzi wa lango. Muuaji alikuwa mlinzi wa lango. Hilo alilijua yeye na daftari lake, alilolificha nyuma ya kipande cha boksi alichokisimamisha mezani.

Wachezaji wake walikuwa wageni kabisa wa mambo hayo. Wa kwanza alikuwa mdogo wake wa kiume, fundi makufuli, ambaye mtaa mzima humwita Kufuli. Wa pili ni mke wa Kufuli, nesi wa wodi ya watoto. Wa tatu ni Mwalimu wa hesabu, msomaji wa kila siku pale maktaba, mtu mpole anayepiga pasi hata leso. Kufuli akachagua kuwa mwizi hodari wa kufungua milango, mkewe akamwambia hata ndotoni anakwenda kazini. Nesi akachagua kuwa mchawi wa moto, kwa maelezo kwamba mwaka mzima anaponya watu, basi leo wamwache aunguze. Mwalimu akawa askari wa upanga, na kila walipoingia chumba kipya aliuliza kina hatua ngapi.

Jumamosi ya kwanza walicheka mpaka mbavu zikauma. Ya pili walikwama. Walimhoji mpishi mara nne, wakamshuku mwanafunzi, wakaishia kulishuku joka. Sasa msimulizi mwenye huruma hawaachi wanaoanza wapapase ukuta mpaka wachoke, huwatobolea mlango. Mkutubi akawaambia kwamba kwenye droo ya marehemu wamekuta mshumaa wa wafu, na kwamba atakayeuwasha ataruhusiwa kumuuliza maiti maswali matatu. Ili kunogesha akawasha kipande cha mshumaa wa kweli, akaweka katikati ya meza, akawataka waseme kwa pamoja maneno aliyoyatunga mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo: "Uliyelala, njoo ukae nasi."

Wakasema. Mwali wa mshumaa ukalala upande mmoja, ukabaki umelala, na hapakuwa na upepo.

Kufuli ndiye aliyeuliza la kwanza: "Marehemu, nani alikuwa na wewe chumbani?"

Mkutubi alifungua kinywa ili ajibu kama maiti. Sauti ikamtangulia. Ilikuwa ya chini, nzito, kama ya mtu anayesema na maji mdomoni.

"Muulize mkeo alikuwa wapi Alhamisi."

Kila mmoja alimtazama mwenzake. Mwizi wa ule mji hakuwa na mke; Kufuli alikuwa naye. Nesi alishusha macho kwenye karatasi yake, na Kufuli akaona jinsi alivyoyashusha. Mwalimu, kwa nia njema ya kurudisha mchezo kwenye njia yake, akauliza haraka la pili, kwamba marehemu alikufa saa ngapi.

"Saa ile uliyofuta jibu sahihi la mtoto wa jirani yako."

Mwalimu akasimama, akachukua mwavuli wake, akaondoka bila kuaga. Mkutubi akauzima mshumaa kwa vidole. Moshi wake ulinuka nywele zilizoungua.

Tangu hapo hakukuwa na amani. Mwalimu alimtumia Mkutubi ujumbe kwamba utani ule haukuwa wa kistaarabu, na kwamba hakutegemea mtu wa vitabu kama yeye achimbe mambo ya watu. Mkutubi naye alikuwa ameshaamini kuwa ni Mwalimu aliyebana sauti, kwani nani mwingine angejua habari za mitihani. Nesi alimshuku wifi yake, yaani Mkutubi. Kufuli hakumshuku yeyote kwa ile sauti. Yeye alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni Alhamisi. Alikwenda hospitali akauliza zamu, akaambiwa Alhamisi ile mkewe hakuwa kazini.

Pale maktaba wasomaji wakaanza kuhama chumba cha magazeti. Mzee mmoja alilalamika kwamba kuna mtu anampumulia shingoni kila anapofika ukurasa wa vifo. Mkutubi alipokuwa peke yake mezani mwake alisikia kurasa zikifunuliwa kule ndani, moja, kisha nyingine, kwa utaratibu wa mtu anayetafuta jambo, na alipoingia hakukuta gazeti lililofunguliwa, ila ile harufu ya nywele. Siku ya Jumanne akafungua daftari lake. Mahali alipoandika jina la kazi ya muuaji palikuwa pamefutwa, pakafutwa tena, pakafutwa mpaka karatasi ikatoboka, na tundu lile lilikuwa limepita kurasa zote za nyuma hadi kwenye jalada.

Jumatano Nesi alimfuata kazini akiwa bado na sare. Walisimama katikati ya rafu, mahali ambapo hata kikohozi husikika.

"Wifi," alisema kwa kunong'ona, "mdogo wako ameng'oa kitasa cha chumba chetu. Amekifunga upande wa nje."

"Upande wa nje kwa nini?"

"Sijui. Nilimuuliza, akacheka. Halafu usingizini anaongea, na anayemjibu si mimi."

Mkutubi alimshika mkono, akamwuliza kwa upole juu ya Alhamisi. Nesi akasema alikwenda hospitali nyingine kuchukua majibu ya uvimbe uliokuwa titini, hakutaka kumtia mumewe hofu, na majibu yalikuwa mazuri. Alitaka kumwambia jioni ile ile, akamkuta Kufuli amechoka, siku ikapita. Sasa hata akimwambia haaminiki. Mume anasema hiyo ndiyo hadithi aliyokuwa ameambiwa usingizini kwamba ataambiwa.

Hapo Mkutubi akaelewa kwamba hakuna kati yao aliyebana sauti.

Nesi alimjua mkunga mmoja mstaafu. Pale hospitali walimheshimu kwa kuzalisha, na mitaani walimheshimu kwa kazi nyingine ambayo watu huitaja kwa kupunguza sauti. Alikuwa bibi mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi na haraka ya mtu aliyezoea kuitwa. Aliingia chumba cha magazeti, akanusa mara mbili, akagusa mgongo wa kila kiti, akaacha mkono wake kwenye kile cha tano. Aliwauliza walisema maneno gani. Mkutubi akayarudia kwa aibu.

"Mwanangu, jini havunji mlango. Hufunguliwa," Mkunga alisema. "Mlimwita maiti, na maiti hakuwepo. Akaja aliyekuwa karibu."

Akaeleza bila kupamba. Mgeni yule aliitwa kwa maswali matatu, akaulizwa mawili, kwa hiyo haondoki. Atawatafuna vifua kwa shaka mpaka damu imwagike, kwani alipewa nafasi ya mtu aliyeuawa na mtu aliyeuawa hutaka wa kumlipia. Lazima wakae tena wote na kumaliza walichoanza. Atadai muuaji wake. Akidanganywa, atabaki. Akitajiwa jina la mtu, jina lile litakuwa la huyo mgeni, na mwenye jina atajua mwenyewe ataishi nalo vipi.

Kumleta Mwalimu hakukuwa kazi. Alikuja amekonda, leso haijapigwa pasi, akisema kila anaposhika kalamu nyekundu kuna anayemnong'oneza alama. Kufuli ndiye aliyesumbua. Alikubali mwishowe, kwa sharti kwamba atakaa mahali anapoiona mikono ya mkewe. Alikuja na bisibisi ndefu mfukoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia aiweke chini.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane, nje watoto wanapiga mpira. Mkunga alikaa kwenye kizingiti, mgongo wake mlangoni, akisoma dua kwa midomo tu. Mkutubi akawasha kile kipande cha mshumaa, na kelele za mpira zikakatika, si kwamba watoto walinyamaza bali kama mtu aliyefunga dirisha la chumba kingine, na baridi ikapanda kutoka sakafuni, ikapita magotini, ikafika mezani, na kile kiti cha tano, ambacho walikuwa wamekiacha ukutani na wote walikuwa wakikitazama, kikaonekana hakipo ukutani tena, kipo mezani, katikati ya mume na mke, mbao zake zikilia taratibu kama zinavyolia mtu mzito anapojiegemeza.

Swali la tatu lilikuwa la Nesi.

"Unataka nini ili uende?"

"Jina la aliyeniua."

Mkutubi akajibu kama alivyokuwa ameandika, kwamba ni mlinzi wa lango.

"Huyo hayupo," sauti ikasema, sasa kwa upole unaotisha kuliko hasira. "Nimeutafuta mji wenu wote juu ya mgongo wa joka. Nimepiga hodi kila nyumba. Hakuna mtu. Nipeni aliyepo."

Kisha ikaacha kusema na wote, ikaanza kunong'ona na Kufuli peke yake, na ingawa hakuna aliyesikia maneno, wote waliyaona yakimwingia, uso ukimbadilika kipande kwa kipande, mkono ukishuka polepole kuelekea mfukoni, midomo ikijikusanya kutamka silabi ya kwanza ya jina la mkewe, jina alilolibembeleza miaka minne kabla hajakubaliwa, na Nesi akimtazama tu bila kukimbia kama mgonjwa aliyekwishaambiwa, na Mwalimu akifunga macho, na dua ya Mkunga ikipanda kule mlangoni, na Mkutubi akijua kwamba uongo hauruhusiwi na ukweli haumo katika daftari, kwa sababu ukweli ni kwamba mtengeneza taji hakuuawa na mpishi wala mwanafunzi wala mlinzi, aliuawa jioni moja mezani kwa mtu aliyekuwa na chai na kalamu na aliyehitaji maiti ili watu wafurahi.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwandika akiwa hai, halafu nikamuua kwa mkono wangu." Akataja jina lake lote, lake na la baba yake.

Mwali wa mshumaa ukasimama wima, ukazimika wenyewe. Nje mtoto mmoja akapiga kelele za goli.

Bisibisi ilikuwa sakafuni. Kufuli alikuwa amejikunja mezani akilia kwa kwikwi, na mkewe alimwekea mkono kisogoni, mzito. Mkunga aliwafungulia mlango. Alipopita kwa Mkutubi alimshika shavu, akamtazama kupitia miwani yake kwa muda mrefu, kisha akasema tu, "Pole, mwanangu." Hakukubali kunywa hata maji.

Mambo yalitulia. Kufuli aling'oa kitasa siku ile ile, na chumba kile kikakaa bila kitasa chochote kwa mwezi mzima, kwa matakwa yake mwenyewe. Mwalimu alikwenda kwa mkuu wa shule akasema alichofanya; aliadhibiwa, na akapata usingizi. Wasomaji walirudi chumba cha magazeti. Mkutubi alilichoma daftari, akajiona mzima, akala vizuri, akaanza hata kucheka, na watu wakamsifu kwamba amenawiri.

Aliishi na mama yake. Asubuhi moja alikuwa ameinama kibarazani akifunga kamba za viatu, anawahi kazini, akamsikia mama anamwita kwa jina kutoka jikoni, kama alivyomwita maisha yake yote. Akainua kichwa ili aitike.

"Nipo, mama," sauti yake ikajibu kutoka ndani.

Alibaki na kamba mkononi. Akasikia nyayo zake mwenyewe zikivuka sebule kwenda jikoni, akasikia kiti kikivutwa, na mama yake, akiwa na furaha ya asubuhi, akaanza kuisimulia sauti ile habari za jirani.