Fimbo Isiyogusa Miguu

Shaibu alimwaga kopo zima la unga wa uwele juu ya zulia, akaukanyaga kwa makusudi, kisha akaishika fimbo ile kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mkia wa samaki.

"Tazama, kaka. Mimi sisukumi. Inanivuta yenyewe."

Ilikuwa nyembamba, rangi ya maziwa, na kichwa chake bapa kilikuwa na magurudumu madogo na jicho moja jeusi. Ilimvuta Shaibu hadi kwenye unga, ikaunyonya wote kwa pumzi moja, ikazunguka shanga iliyokuwa imeanguka hapo, ikairuka. Haikuwa na waya. Ukiilaza chini ikichoka, ilijikokota kwa tumbo hadi kwenye kituo chake cha chaji. Watu wa soko la Sabasaba waliita aina hiyo fimbo-fyonzi.

Mazoya aliitazama kwa mashaka. Tangu asubuhi alikuwa amezunguka nusu ya Dodoma. Katika maduka ya chini ya minara alionyeshwa roboti-fagizi zenye ukubwa wa mbuzi, ambazo kabla ya kufagia huanza kupima chumba, kuchora ramani, kuomba ruhusa na kusalimia. Nyingine zilikuwa na nyaya za kukukwaza miguu. Zote zilikuwa ghali, na zote zilichelewa. Yeye alitaka kitu cha kukamata ukutani mara moja, kufyonza, kurudisha. Vumbi la siku hizi halikusubiri ramani.

Lilikuwa vumbi jekundu, laini kama poda, lililokuja na upepo tangu nyanda za kati zilipokauka. Kila dirisha la mji lilikuwa na pazia-upepo, ukuta wa hewa iliyosukumwa kwa nguvu ili kulirudisha nje. Hata hivyo lilipenya. Likipenya, lilishuka sakafuni, na kutoka sakafuni likapanda hadi kwenye kifua cha dada yake Nyemo. Daktari alikuwa amesema wazi: shambulio jingine la pumu kama lile la mwisho, hatoahidi kitu.

"Mbona rahisi hivi?" Mazoya aliuliza.

"Unanunua au unaoa? Unamuuliza mpaka ukoo!"

"Mimi ni mhandisi wa lifti. Najua mashine. Akili mnemba ya kutofautisha unga na shanga haiuzwi bei ya kuku."

Shaibu akacheka. "Imetolewa spika. Zile za madukani zinaongea kutwa, 'karibu bosi, asante bosi'. Hii inasikia, inaona, lakini ni bubu. Mdomo ndio uliokuwa unapandisha bei."

Mazoya akainunua.

Nyemo alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi. Alikuwa amemzidi Mazoya miaka michache, hajaolewa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Sebule yao katika mnara wa Nala ilijaa vitambaa vyeupe vilivyoning'inia kama kundi la maharusi waliokosa gari. Daktari alimshauri ahamie Lushoto kwa mjomba, kwenye hewa safi. Alikataa.

"Nikawe nani kule? Mgonjwa wa kupelekewa uji? Wateja wangu wako hapa. Niletee fagio la maana, mdogo wangu, uone kama nitakufa."

Fimbo ilifanya kazi kuliko walivyotumaini. Upepo ulipovuma, Nyemo aliikamata ukutani, na kabla kifua hakijaanza kubana sakafu ilikuwa inang'aa. Wiki ya kwanza hakukohoa hata usiku.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu. Mazoya alipokuwa akifyonza, na Nyemo amekaa kwenye cherehani, fimbo ilifika karibu na miguu ya dada yake ikakata kona. Alipoirudisha, ikakata tena, kwa nguvu, ikamtegua kifundo cha mkono. Ilifyonza mbele ya miguu yake, nyuma yake, pembeni yake, lakini miguuni haikupita.

Nyemo alicheka mpaka akashika kifua. "Hata mashine inajua sijaolewa! Inaogopa kunifagia miguu nikose mume!"

"Ni kihisi-umbali," Mazoya alisema kwa sauti ya kazini. "Inaogopa kugonga kitu."

"Haya, weka ya kwako."

Akaweka. Fimbo ikampanda juu ya kandambili zake bila haya. Wakaweka miguu ya kiti, ikaigonga. Nyemo akanyoosha mguu wake, fimbo ikazunguka kwa adabu kama mtu anayempisha mgeni mlangoni.

Hapo kiburi cha Mazoya kikawashwa. Aliitenganisha ile fimbo mezani, skrubu moja moja, apate kuiona hiyo akili ilivyo. Alikuta jicho, sikio, mota, betri, na redio ndogo ya mawimbi. Akageuza kila kipande. Palipopaswa kuwa na ubongo palikuwa na plastiki tupu.

"Basi akili yake iko mbali," alisema. "Kuna mashine kubwa mahali fulani inayoziongoza zote."

Nyemo aliacha kushona. "Mashine ya wapi inayojua kwamba msichana akifagiwa miguu haolewi? Nani aliifundisha? Wewe mwenyewe hukuikumbuka mpaka nilipokutania." Akainama karibu na lile jicho jeusi. "Mazoya, huyu ni mama wa mtu."

"Usiwe mshamba, dada."

"Irudishe ilivyokuwa."

Akairudisha, akisonya. Nyemo akaisimamisha katikati ya chumba, akaishika mpini kwa kidole kimoja.

"Wewe uliyemo humo. Kama ni mtu, nivute kulia."

Fimbo haikusogea. Mazoya alifungua mdomo aseme alichokuwa amekiandaa, lakini kabla hajasema, magurudumu yakazunguka polepole sana, yakasita, kisha yakamvuta Nyemo kulia.

Jambo la kwanza alilofanya Nyemo ni kuvuta khanga kitini akajifunika mabega. La pili, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo."

Mazoya alilipuka. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta akigonga maharusi wale wasio na watu. Wametuuzia uongo! Wameweka binadamu sakafuni mwetu, anatuona tukila, anatuona tukilala! Kesho anakwenda Baraza la Mji, kesho ataita waandishi wa habari, kesho ataiponda fimbo hiyo mbele ya mlango wa kampuni!

"Ukiiponda, mimi nitapumua nini?" Nyemo aliuliza. "Na yeye atakula nini? Kaa chini, unatimua vumbi."

Alikaa, lakini utulivu wake ulikuwa umemwacha. Siku zilizofuata aliingia kwenye lifti alizozitunza mwenyewe akajikuta anazitazama kwa jicho la wasiwasi. Mlango ulipomfungukia, alijiuliza nani kaufungua. Taa ya barabarani ilipombadilikia, aligeuka nyuma. Kazini walimwuliza kama anadaiwa. Nyumbani, Nyemo alikuwa amezoea: kila alipoikamata fimbo aliiamkia, akaisimulia habari za gauni analoshona, na fimbo ikamvuta kulia kwa ndiyo, kushoto kwa hapana. Akiuliza "kola iwe juu?", ikaenda kushoto. Akasema ina macho mazuri ya kitambaa.

Kisha ukaja upepo mkubwa. Mchana ule mji uligeuka rangi ya tofali. Umeme wa pazia-upepo ulikatika upande mzima wa Nala, na Mazoya alikuwa amening'inia ndani ya tundu la lifti mnara wa pili. Alimpigia dada yake simu. Haikupokelewa. Alipiga tena huku akipanda ngazi za mnara wao, kitambaa puani, vumbi likimkwaruza koo, na kila ghorofa aliyopita ilionekana kuongezeka juu yake nyingine.

Alimkuta Nyemo ameegemea ukuta, uso umepauka, bomba lake la dawa ya pumu limebanwa kiganjani. Anapumua. Kwa shida, kwa mlio, lakini anapumua. Fimbo ililala kifudifudi katikati ya sebule, mbali kabisa na kituo chake, betri imekwisha.

"Lilinidondoka," Nyemo alisema, neno moja moja. "Likaviringika chini ya kabati. Sikuweza kuinuka. Ikajiangusha yenyewe ukutani, Mazoya. Ikajikokota. Ikaingia kule chini, ikalisukuma na kichwa chake mpaka mkononi kwangu."

Jioni ile ile ujumbe ulitokea kwenye kioo cha ukuta, kwa herufi za kupendeza: *Mteja wetu mpendwa, kifaa chako kilitembea nje ya utaratibu. Hitilafu imeondolewa. Endelea kufurahia usafi.*

Kesho yake Nyemo aliiamkia fimbo. Haikumvuta popote. Akaiwasha, ikafyonza sakafu vizuri kabisa, na ilipofika kwake ikapita juu ya miguu yake yote miwili. Nyemo hakucheka. Aliirudisha ukutani.

"Hitilafu," alisema. "Wamemwita hitilafu."

Mazoya alimkuta Shaibu sokoni akimwagia wateja unga. Hakungoja zamu. Alimkamata kola.

"Wako wapi wanaoziongoza?"

"Kaka, mimi nauza tu!"

"Wako wapi, Shaibu?"

Shaibu alitazama huku na huku. "Kibaigwa. Lile ghala la zamani la nafaka. Na jina langu usilitaje, nina watoto."

Ghala lilikuwa limepakwa rangi mpya ya buluu, halina dirisha. Mlinzi getini hakutaka kujua lolote kuhusu hitilafu. Mazoya alipaza sauti, mlinzi akapaza yake, na wakiwa katikati ya matusi mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa akikaanga mihogo ng'ambo ya barabara aliweka mwiko chini.

"Wewe ni Mazoya," aliita. "Kumbe hata nje unapiga kelele hivyohivyo."

Mazoya aligeuka kama aliyepigwa kofi. Akavuka barabara. Mdomo wake wote wa moto ukatoa neno moja tu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anapumua?"

"Anapumua."

"Basi." Akageuza mihogo. Watu walimwita Mama Kezia. Alikuwa amefukuzwa siku ile ile ya upepo, alisema, kwa kuacha nyumba nyingine zote alizoziongoza ili ahangaike na moja. Kila mtu mle ndani ana miwani ya kuonea sakafu za watu na vipini viwili vya kuendeshea. Mashine ya kweli ilijaribiwa zamani. Ilikuwa ikinyonya hereni na kuacha makombo, na kuifundisha kuligharimu zaidi kuliko kuajiri wanawake wa Kibaigwa.

"Nitawaanika, mama. Nitasema kila mahali."

"Sema. Lakini kelele zako nimezisikia wiki nzima, mwanangu. Walioko mle ndani hujawasikia hata mara moja."

"Nitawasikiaje? Fimbo ni bubu."

"Fimbo ndiyo bubu. Sisi tuna kinasa sauti kila kiti, cha kumwitia msimamizi. Sauti inatoka, inakuja mpaka kwenye redio ya kwenu, inafia hapo. Hakuna spika." Akamfungia mihogo kwenye karatasi. "Mpelekee dada. Mwambie ile kola, nilikuwa na maana aishushe kabisa."

Mazoya alirudi Dodoma akiwa na mihogo inayopoa na spika ndogo aliyoing'oa kwenye simu mbovu. Hakuvua hata viatu. Aliifungua fimbo mezani, akatafuta waya uliokatwa, akauunganisha huku Nyemo akimmulikia taa. Mikono yake iliyozoea nyaya nene za lifti ilimsumbua, akaunguza kidole, akatukana, akarudia. Mwishowe spika ikatoa mlio wa mafuta yanayochemka.

Nyemo aliisimamisha fimbo katikati ya chumba, akasogeza mdomo karibu na lile jicho.

"Wewe uliyemo humo. Safari hii unaweza kusema. Unaitwa nani?"

Mlio ule uliendelea. Kisha ikaja pumzi, ya mtu aliyeshtuka, na sauti ya msichana mdogo, inakwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Mnanisikia?"

"Tunakusikia," Nyemo alisema.

Msichana alitaka kujibu, lakini kikohozi kilimkamata. Kilikuwa kirefu, kikavu, cha kutoka chini kabisa ya mbavu. Na alipotulia kutafuta pumzi, ndipo waliposikia kilichokuwa nyuma yake. Ghala zima lilikuwa linakohoa. Mmoja karibu, wawili mbali, mwingine akianza kabla wa kwanza hajamaliza, safu kwa safu, wanawake wasiohesabika katika jengo lisilo na dirisha, ambamo pumba za mahindi ya miaka na miaka hazikuwahi kufagiwa na mtu.

Mazoya alisimama.

Nyemo alikuwa ameweka kiganja juu ya kifua chake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza lugha ya kwao ikizungumzwa ugenini. Kisha akachukua bomba lake la dawa mezani, na lile la akiba kabatini, akayatia mfukoni.

"Vaa viatu," alisema.

"Ninavyo. Twende wapi?"

Nyemo alikuwa tayari mlangoni, fimbo begani, na ndani yake yule msichana bado anakohoa.