Baragumu la Vuli

Zama zile ambapo mahari ilitolewa kwa majembe ya chuma, na mtu hakupita nchi ya mwenzake mpaka ameacha pembe ya ndovu kwa mwenye nchi, watu wa Ulindwa walikuwa na kawaida yao. Kiangazi kilikuwa cha safari. Wanaume walifunga mizigo, wakaenda ugenini kutafuta shanga na kaniki. Wingu la kwanza la vuli likitanda, kila mguu ulikuwa umekwisha rudi, na mikono iliyobeba pembe sasa imeshika jembe. Vuli hakuna aliyesafiri. Njia zilifungwa na maji, na mbuga ya Ilulu, iliyotandaza majani yake upande wa mashariki, iligeuka kuwa ziwa lisilo na ukingo.

Katika nchi hiyo aliishi Msabila, kirangozi, yaani mtangulizi wa msafara. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye kovu la mshale begani. Siku za safari alivaa joho jekundu lililopauka kwa jua, kichwani manyoya ya mbega, miguuni njuga, na kifuani baragumu la pembe ya pofu, yule swala mkubwa, lililozungushiwa ngozi ya kenge. Vuli ile joho lilikuwa limekunjwa ndani ya kapu juu ya dari, likifukizwa moshi lisiliwe na mchwa. Msabila alikuwa shambani akipanda mtama, matope mpaka vifundoni, alipoitwa na Mtemi Itunga.

"Kasanda anakuja kututeka," Mtemi alisema. Alikuwa amekaa juu ya kigoda chake, ngozi ya chui mabegani, na mvua ilikuwa ikivuja kwenye kona ya nyumba bila mtu kuisogezea chungu. "Mvua zikikatika tu, yuko langoni. Magobori tunayo. Baruti hatuna hata ya kuwindia kanga."

"Baruti iko Uvinje, Mtemi. Ng'ambo ya Ilulu."

"Najua iliko. Nakuuliza wewe kama utaifuata."

"Sasa hivi, katikati ya vuli?"

"Tukingoja kiangazi tutakuwa tunaingoja ndani ya minyororo ya Kasanda."

Msabila alitazama matope yaliyokuwa yakikauka miguuni pake. Maji hakuyaogopa. Alikuwa ameyavuka mengi. "Mtemi, nikienda nitarudi mvua zingali zinanyesha. Nitapiga baragumu. Nani atanijibu?"

Mtemi alimpa siku moja ya kufikiri.

Msafara wa Ulindwa ulikuwa na sheria ya kuingia nyumbani. Kirangozi alisimama kilimani, mahali ambapo boma linaonekana, akapiga baragumu mara tatu, na kila mara akangoja. Ngoma ya langoni ikijibu, watu waliingia kwa nyimbo. Isipojibu hata mara ya tatu, maana yake mji umetekwa, au ndui imeingia, na msafara uligeuka kimya kimya, usikaribie. Aliyesogea bila kujibiwa alipigwa mishale na walinzi, kwani adui naye anajua kupuliza pembe.

Vuli chache zilizopita, Lugata, kaka yake Msabila, alichelewa ugenini. Alirudi mvua zikiwa zimekolea. Jioni moja baragumu lililia kutoka Ilulu, na lilikuwa na ufa, sauti yake inapanda kisha inakatika kama mtu aliyekabwa. Mkewe, Kalunde, alitoka nje mikono ina unga. "Hilo ni baragumu la mume wangu," alisema. Wazee wa ngoma wakamwambia anyamaze. Hakuna msafara unaorudi vuli. Na mwaka ule watu wa Kasanda walikuwa wameingia miji miwili kwa mabaragumu ya kuiba. Msabila alikuwa amelala na homa, akaisikia ile sauti kwa mbali, akadhani anaota. Baragumu lililia mara ya pili, lililia mara ya tatu. Ngoma haikujibu. Kulipokucha walikuta majani yamekanyagwa, nyayo zimekuja mpaka kilimani, kisha zimegeuka kurudi majini.

Ndani ya boma watu walishika sheria, na nje ya boma walishika sheria. Basi.

Tangu hapo, kila vuli, mvua ikinyesha alasiri, baragumu lenye ufa lililia Ilulu. Akina mama waliingiza watoto ndani na kufunika vyungu. Wazee wa ngoma wakaapa kwamba ngoma ya Ulindwa haitajibu baragumu lolote la vuli, maana ukimjibu mfu umemfungulia mlango.

Basi Msabila alitoka kwa Mtemi akiwa na siku moja ya kufikiri. Alipitia kwa rafiki yake Sizya, mpagazi mnene, mcheshi, aliyekuwa akichoma karanga mbichi chini ya ukingo wa paa.

"Nasikia unatupeleka kuogelea," Sizya alisema.

"Bado sijakubali."

"Kubali upesi basi, au kataa upesi. Mke wangu ameshaanza kulia, na hajui anililie mimi au alilie shamba." Alimpa karanga. "Nitakwenda ukienda. Tumbo hili huelea. Lakini kugeuka langoni pangu mwenyewe kama fisi aliyefukuzwa, hapana, Msabila. Hilo tumbo haliwezi."

Aliposhuka kwa Kalunde alimkuta anatwanga. Nywele zake zilikuwa ndefu, zimeshikana. Mjane hunyoa, lakini Kalunde hakuwahi kunyoa, wala hakukubali kurithiwa. Alisema mume wake hajafa, amekatazwa kuingia tu.

"Shemeji, umekuja kuaga," alisema bila kuacha mchi.

"Nimekuja kuuliza. Nisipokwenda, Kasanda atatuchoma. Nikienda, wenye ngoma hawatanijibu. Nitakuwa nimewachukua watoto wa watu kuwaongezea wale walioko Ilulu."

Kalunde alitwanga kidogo, akageuza mtama kwa kiganja, akapuliza pumba.

"Ngoma siwezi kuigusa," alisema. "Mimi mwanamke, na ngozi yenyewe vuli hulegea ikalia kama kikohozi. Lakini kinu ni changu. Nitakihamishia langoni siku utakayoondoka. Ukisikia kinu kitupu kinatwangwa, ingia."

"Sheria haisemi kinu."

"Sheria ilisema nini siku ile?"

Msabila aliaga. Alirudi nyumbani, akapandisha mkono darini, akashusha kapu lenye joho.

Waliondoka mvua ya manyunyu ikianguka, bila nyimbo, kwa kuwa hakuna wimbo wa safari ya vuli. Walibeba pembe zilizofungwa kwa magome ya miti, na vyakula vya kukaanga ndani ya vibuyu vilivyozibwa kwa nta. Ilulu iliwapokea kwa maji ya magoti, kisha ya kiuno, kisha ya kifua. Ruba ziliwanywa damu mapajani. Msabila alitangulia akipapasa kwa mti mrefu, na aliyekuwa nyuma alishika ncha ya mzigo wa aliye mbele ili asipotee ndani ya majani. Na kila mvua ilipokoza, baragumu lenye ufa lililia, mara upande wa kulia, mara mbele. Wapagazi hawakulitaja. Walilisikiliza tu, wakatazama chini.

Katikati ya mbuga walikuta kichuguu kikubwa kilichosimama juu ya maji. Juu yake palikuwa na mizigo, imeegemezwa ncha kwa ncha kwa duara, kama wapagazi wa Ulindwa wanavyoiegemeza wakipumzika. Magome yalikuwa yameoza, na majembe ya chuma yamekuwa kutu nyekundu. Mtu hakuwapo, wala mfupa. Pembeni, mdomo ukielekea nyumbani, lililala baragumu lenye ufa, limejaa maji ya mvua.

Sizya alivua kofia yake ya ngozi. "Walitua mizigo vizuri," alisema, kwa sauti ya chini. "Walitaka kurudi kuichukua."

Msabila alimwaga maji yale, akalifunga baragumu la kaka yake mgongoni. Hakulipuliza. Jioni ile mvua ilinyesha kwa nguvu na Ilulu ikawa kimya kabisa, na kimya hicho kiliwatisha kuliko ule mlio.

Baruti waliipata Uvinje, wakaibeba vichwani ndani ya vyungu vilivyofunikwa ngozi. Wakarudi kwa njia ileile. Maji yalikuwa yamepanda, na mara nyingi Msabila alipogeuka kuwatazama watu wake, aliona msururu mrefu kuliko aliouongoza, ukiishia ndani ya ukungu. Hakuwahesabu.

Wakafika kilimani alasiri ya mvua. Boma lilionekana, miti yake imelowa, moshi umelala juu ya mapaa. Msabila alipiga baragumu lake.

Kimya.

Akapiga mara ya pili. Waliona walinzi wakipanda ukutani na pinde. Ngoma haikulia.

"Sasa tumbo langu linasikia baridi," Sizya alisema.

Msabila aliliweka chini baragumu lake. Alilitoa lile lenye ufa, akalipuliza kwa pumzi yote aliyokuwa nayo. Sauti ilipanda, ikakatika. Akangoja. Mvua iligonga vyungu vya baruti. Wapagazi walianza kugeuza miguu, maana mara ya tatu ilikuwa imekwisha pita bila jibu.

Ndipo kutoka langoni kikasikika kinu. Du. Du. Du. Kinu kitupu, kizito, mti kwa mti. Cha pili kikadakia, kisha cha tatu, mpaka vinu vya wanawake wa Ulindwa vikawa vinalia kama ngoma moja kubwa isiyolegezwa na mvua. Magogo ya lango yakaondolewa na mikono yenye unga.

Waliingia mmoja mmoja. Sizya aliingia analia na kucheka, akamuuliza mkewe kama shamba limepona. Mpagazi wa mwisho akapita. Wanawake wakaacha kutwanga, ila Kalunde.

"Shemeji, tumekwisha kuingia sote," Msabila alimwambia.

Kalunde aliendelea.

Mhoja, mzee wa lango, alimkaribia. "Kalunde, unamwita nani?"

"Namwita aliye nje."

"Walio nje ni wengi."

"Basi waingie wengi."

Hakuna aliyethubutu kufunga lango. Mvua ilinyesha langoni, na matope pale mlangoni yalikuwa yakibonyea, yakijaa maji, yakibonyea tena. Mbwa walirudi nyuma bila kubweka. Kalunde alitwanga akitazama mbele, midomo ikitikisika kana kwamba anawataja watu. Kisha mchi ukapungua, ukapungua, ukasimama. Alivua kitambaa chake, akafunika kinu.

"Fungeni," alisema. Akamgeukia Msabila. "Kesho nitafutie wembe, shemeji. Ninyoe."

Kasanda alikuja mvua zilipokatika, akapokewa kwa risasi, akarudi na watu wachache. Nyimbo za Ulindwa zinaitaja baruti, zinamtaja Msabila na joho lake jekundu, zinamtaja hata Sizya na tumbo lake. Kinu hakimo katika wimbo wowote. Lakini baragumu halikusikika tena Ilulu. Na wanawake wa nchi ile, vuli inapoanza, kabla ya kutia nafaka, hutwanga kwanza kinu kitupu, polepole, mlango ukiwa wazi. Wasichana wakiuliza sababu, huambiwa wasogee kidogo wasizibe njia.