Mume wa Kwenye Rehani

Foleni ya benki ilikuwa imefika mlangoni, joto limejaa ukumbini, fundi cherehani alipoona bitana ya koti la kijana wa mbele yake imefumuka. Koti la kijivu, viatu vinang'aa, bitana inaning'inia. Akatoa sindano kwenye pochi.

"Kaka, simama hivyohivyo."

"Unanishona nikiwa ndani?"

"Ukitikisika nitakuchoma."

"Choma tu, dada. Mimi nimeshachomwa."

Kijana alikuwa dalali wa mikopo, na maneno hayakumpiga chenga. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Kuliko chakula."

Mama yake fundi akaguna. "Huyo kwa kuuliza maswali, siku moja atakuuliza hati ya nyumba."

Na kweli akaiuliza. Nyumba waliyoishi mama na binti, marehemu baba alimwachia binti pamoja na deni la benki lililobaki. Dalali akasema deni lihamishiwe mkopo mpya wenye marejesho mepesi. Akaleta karatasi kwenye kibanda cha ushonaji, fundi akiwa na shela la harusi chini ya sindano. Akamfunulia kurasa, naye akasaini kwa mkono mmoja, wa pili umeshika lesi isikunjane. Hakusoma hata mstari. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Miezi michache baadaye tangazo la mnada likabandikwa getini. Mkopo mpya ulikuwa mara mbili ya ule wa zamani, na ziada aliichukua dalali. Simu yake ikawa haipatikani. Mama akaanza kufunga vyombo.

Wakili mmoja, mteja wake, alizisoma karatasi huku akipimwa gauni.

"Polisi utashitaki kughushi. Benki utaiandikia malalamiko, wakikupuuza tunakwenda kwa wanaozisimamia benki. Mahakamani tutaomba zuio la mnada, kisha rehani ifutwe. Ila hapa huyo dalali ametia saini kuridhia rehani kama mume wako. Una mume?"

"Sina."

"Basi ridhaa hii ni ya uongo, na rehani inaweza kuanguka. Lakini dalali atasema mlikuwa mkiishi kama mke na mume. Litakuwa neno lako dhidi ya lake."

Wakili alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo siku dalali alipotokea, koti lilelile, kisanduku mkononi.

"Mpenzi, nasikia unatafuta wakili. Ya nini tuumbuane? Tuoane, yaishe. Mume hashitakiwi na mkewe."

Neno hilo fundi alilisubiri tangu foleni ya benki, na hata sasa alilitaka. Akalitazama pazia.

"Sema tena, kwa sauti. Unataka nini?"

"Uwe mke wangu."

"Kwa hiyo mpaka leo mimi si mke wako?"

"Bado, malkia."

"Hata siku moja hujawahi kuwa mume wangu?"

"Ningekuwa, ningekuja na pete?"

Pazia likafunguka. Wakili alisimama na pini kwenye pindo.

"Nimesikia," alisema. "Na mahakamani nitakuja kama shahidi. Kesi atakusimamia mwenzangu."

Dalali alimgeukia fundi, uso umempauka. "Ulinipenda kweli wewe?"

"Nakupenda mpaka sasa. Toka."

Akatoka. Mshono wa siku ile ya foleni ulikuwa bado umeshika kwenye koti, na fundi aliutazama mpaka ukapotea kwenye watu. Kisha akapiga magoti penye pindo la gauni la wakili, machozi yakidondokea kitambaa cha watu.

"Geuka, wakili," alisema. "Huku nyuma pamebaki."