Nusu Saa Kabla ya Kunywa

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayekwenda kuchota maji ya Ziwa Kivu akiwa amefunga tai, isipokuwa mwalimu Jephté. Mabomba ya mtaa wa Katindo, mjini Goma, yalikuwa yamekauka kwa siku ya nne, na kengele ya shule ilikuwa karibu kulia. Akateremka ufukoni na kidumu chake cha manjano, suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Huko akakuta mji mzima umemtangulia: kina mama wanasukumana, vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanadai njia, na wakimbizi waliofika kwa barabara ya Rutshuru wananawa palepale wengine wanapochota ya kunywa.

Foleni iliishia kwenye meza moja. Nyuma yake alisimama msichana mwembamba, kizibao cha kazi cha buluu juu ya kitenge chenye maua ya manjano, nywele zimesukwa na kurudishwa nyuma, mkononi bomba la sindano lisilo na ncha. Kila kidumu kilichopita alikitia dawa ya klori na kusema maneno yaleyale, kwamba wangoje nusu saa kabla ya kunywa.

"Trente minutes, mama. Trente minutes, papa. Mbele ya pale, musikunywe."

Zamu ya Jephté ilipofika, msichana alimpima kwa macho kuanzia tai hadi viatu.

"Prof, fungua bido ya mayi."

"Nani amekuambia niko prof?"

"Chaki iko ku mukono ya shati. Ao uko pasta mwenye kuhubiri na tableau ya chaki?"

Foleni ikacheka. Jephté, ambaye hakuzoea kuchekwa bila kutoa adhabu, akajaribu kulipiza. "Na wewe, unajua juu ya nini batu banangoja trente minutes?"

"Klori haiuwe microbe kwa kugusa tu. Inaomba muda. Na kama mayi iko na matope, dawa inajimalizia ku matope, microbe inabaki inacheka." Akasukuma sindano. "Nilifika cinquième ya sekondari, chimie-biologie, kule Rutshuru. Vita ikatukuta mbele ya examen. Songa, prof, batu banangoja."

Jephté alipanda kilima na lita ishirini begani, na aibu juu yake. Miaka sita alikuwa akifundisha klori ubaoni, kwa alama, namba na mishale. Wanafunzi wake waliweza kuiandika bila kosa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinusa. Shule haikuwa na maabara. Iliporwa katika vita iliyotangulia, zikabaki chupa chache stoo. Njia nzima alifikiria yule msichana na meza yake, akajidanganya kwamba anafikiria kazi.

Kesho yake akarudi. Safari hii aliuliza jina, akaambiwa ni Émérance.

"Nataka nilete banafunzi yangu hapa."

"Ngapi?"

"Quarante-deux, arobaini na mbili."

"Na wewe mwenyewe utakuya, ao utabatuma tu?"

"Mimi mbele yao."

"Basi balete. Lakini hiyo tai uiache ku nyumba, inaogopesha samaki."

Jumamosi hiyo ilikuwa sikukuu. Wanafunzi walikata chupa za plastiki, wakazijaza mchanga na kokoto za lava, wakamwaga maji ya matope juu na kuyaona yakitoka chini meupe. Walisugua majivu yaliyolowa kati ya vidole hadi yakateleza kama sabuni. Émérance akamwachia kila mmoja asukume sindano. Mwishowe wakatumbukiza kidonge cha kupimia katika glasi ya maji yenye dawa, na maji yakageuka rangi ya waridi. "Iko rose! Monsieur, iko rose!" alipiga kelele Charline, msichana wa dawati la mbele asiyeacha kuuliza maswali, hata kina mama wa samaki wakaja kuchungulia.

Jioni Jephté alipiga simu.

"Émérance, nakupenda."

Sauti yake ikaja, ina kicheko ndani yake. "Ngoja trente minutes."

"Eti?"

"Neno ya mwanaume ni mayi ya ziwa. Siikunywe mbele ya muda." Akakata.

Jephté aliketi kitandani akitazama saa kama mtu anayechemsha yai. Nusu saa ilipotimia, simu ikalia.

"Nimeonja. Iko safi. Na mie nakupenda, prof yangu."

Ukawa mchezo wao. Kila neno zito lilingoja nusu saa kabla ya kujibiwa, na kila jibu lilipokuja lilikuwa tamu.

Wiki ya tatu, kidumu cheusi ambamo Émérance aliweka dawa yake ya wiki nzima kilipasuka. Shirika lililomwajiri likaahidi kingine mwezi ukiisha. Jephté akaingia stoo ya shule akatoa kitu kizuri kuliko vyote vilivyosalimika humo: chupa kubwa ya kioo, ya lita tano, nyeupe pe hadi unaona ng'ambo, na kizibo chake cha kioo. Akaifunga katika kitambaa akampelekea.

"Chéri! Hii njo zawadi ya bibi arusi."

"Basi anza kuzoea."

"Ngoja trente minutes," alisema Émérance, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kujibu. Akaiweka mezani, ikameremeta kwenye jua la asubuhi hadi jioni. Watu wa ufukoni wakaiita taa ya Émérance, naye Jephté kila alipopita alivimba kifua.

Baba yake Émérance, muzee Paulin, aliishi kambini chini ya turubai tangu walipokimbia Rutshuru. Binti yake alimpelekea maji kila jioni, naye alikataa mengine. "Nakunywa ya mutoto yangu tu," aliwaambia majirani. Siku ya kumi na moja tangu ile chupa ifike mezani, muzee aliamka anaharisha. Kabla ya jua kutua alikuwa amekwisha kufa. Kipindupindu hakina subira.

Matangani, Émérance alilia begani kwa Jephté mpaka shati likalowa.

"Mayi yangu ilikuwa safi, chéri. Nilitia dawa na mukono yangu. Pengine alikunywa kwa jirani."

"Pengine," alijibu Jephté, na aliamini hivyo.

Émérance aliporudi kazini, Jephté alimletea tena wanafunzi, akidhani kelele zao zitampunguzia huzuni. Walitumbukiza kidonge. Maji yakabaki meupe. Wakajaribu glasi ya pili, ya tatu.

"Monsieur," alisema Charline taratibu, "hakuna rose."

Mama Mukamurenzi, muuza samaki, ambaye mjukuu wake alikuwa amelazwa kwa kuharisha, alisikia. "Anauzisha dawa!" alipaza sauti. "Anauzisha dawa, sisi anatutilia mayi ya bure! Mwizi!"

Kina mama wakaizunguka meza. Émérance hakuwatazama. Alimtazama Jephté, akingoja neno moja tu kutoka kwake. Na Jephté, mbele ya wanafunzi arobaini na wawili ambao siku zote aliwaambia wasidanganye jibu la jaribio, alisema, "Résultat ni résultat. Dawa haimo."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa ukatili. Siku hiyohiyo Rémy, msimamizi kutoka shirika, alimvua Émérance kile kizibao cha buluu.

"Émérance, nisikilize," alisihi Jephté kwenye simu.

"Banakuwa bananiita mwizi, na wewe unabasomea leçon."

"Sikusema umeiba."

"Haukusema sikuiba."

Akakata. Nusu saa ikapita, na siku kumi na nne zikaifuata. Émérance hakuweza tena kupita ufukoni. Hata watoto walimwita mwizi wa klori. Siku ya kumi na tano, Jumapili, simu ya Jephté ikalia.

"Nimechoka kukasirika," alisema Émérance. "Unanikosa?"

"Kila saa."

"Basi kuya Jumapili yenye kukuya. Na ile neno ya bibi arusi, kuya nayo."

Jephté alilala akitabasamu. Kesho yake asubuhi alikuwa stoo na darasa lake, wakipangusa vumbi kwenye chupa chache zilizobaki.

"Monsieur," aliuliza Charline, "juu ya nini hizi zote ni za rangi ya kahawa?"

"Ni juu ya mwanga," alijibu kwa mazoea, bila hata kugeuka. "Jua linavunja dawa. Klori, kwa mfano, ukiiacha juani ndani ya kioo cheupe…"

Alikaa kwenye kiti kibovu kilichokuwa karibu, akahesabu kwa vidole siku tangu ile chupa ifike mezani hadi kifo cha muzee, akafika kumi na moja, akahesabu tena. Wanafunzi walitazamana. Charline akawatoa nje polepole.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine Goma nzima aliyejua, na Jumapili angepata mke. Ila mke huyo angeitwa mwizi kila afikapo ufukoni. Wiki nzima Jephté hakula vizuri. Alimwomba Rémy klori kidogo, akaigawa katika chupa mbili, moja ya kahawa akaifungia kabatini, moja nyeupe aliyoitoa nyumbani akaiacha dirishani juani. Alitamani kwa moyo wake wote awe amekosea. Hakuwa amekosea.

Jumapili alivaa tai. Upande wa Kibumba mizinga ilikuwa ikinguruma tangu alfajiri, na ufuko ulijaa kuliko siku zote. Émérance alifika amevaa kitenge kile cha maua ya manjano, ametia wanja. Jephté akamshika mkono, akampeleka mezani mbele ya Rémy, Mama Mukamurenzi na foleni nzima.

"Charline, tia vidonge."

Glasi ya kwanza, ya dawa ya chupa ya kahawa, ikawa waridi. Ya pili, ya chupa ya dirishani, ikabaki nyeupe.

"Dawa ni moja," alisema Jephté. "Jua liliiua ndani ya kioo. Ile chupa ni mie nilimupatia. Mie mwalimu wa chimie njo nilisahau. Émérance hakuiba hata tone."

Mama Mukamurenzi alifunika uso kwa kitenge. "Binti yangu, unisamehe," alisema. Kina mama wakapiga vigelegele. Émérance alicheka, mara ya kwanza tangu matanga, na kuubana mkono wa Jephté kwa nguvu. Kisha mkono ule ukalegea, kidole kimoja kimoja. Alikuwa ameanza kuhesabu.

"Papa alikufa siku ngapi kisha ile chupa?"

"Onze. Siku kumi na moja."

"Ulijua, mbele ya kukuya hapa?"

"Tangu Lundi. Siku sita."

"Na ukakuya kusema."

"Banakuita mwizi, Émérance. Sikuweza kuachia." Akatia mkono mfukoni, akatoa pete ndogo ya shaba. Ilikuwa wakati mbaya kuliko yote duniani, naye alijua, lakini hakuwa na mwingine. "Na ile neno, nimekuya nayo."

Émérance aliitazama pete bila kuigusa.

"Ngoja trente minutes," alisema kwa sauti ndogo, akaondoka.

Jephté aliketi juu ya jiwe la lava, simu gotini. Nusu saa ikafika na kupita. Simu ilipolia, zilikuwa zimetimia dakika arobaini.

"Jephté."

"Niko."

"Kama ungefanya makusudi, ningekuchukia, nipumue. Lakini ulinipenda, na juu ya ile mapendo Papa alikufa, na mukono yenye ilimupelekea ni yangu. Hiyo nitaiweka wapi?"

"Sijui."

"Nimengoja trente minutes, nimeongeza na kumi. Haiko ya kunywa, chéri."

Hakumwita hivyo tena.

Rémy alimrudishia kazi, na shirika likaleta kidumu kipya cheusi. Vita ikasogea, kambi zikapanuka, shule ikafungwa na kufunguliwa na kufungwa tena. Inapofunguliwa, Jephté huanza mwaka kwa chupa mbili, moja ya kahawa na moja nyeupe, na hawaambii wanafunzi alijifunza wapi.

Bomba la Katindo bado ni kavu. Kila siku ya pili Jephté hushuka ufukoni, bila tai, akapanga foleni na wengine. Émérance humfungulia kidumu, humtilia dawa kipimo kamili, bila kupunguza wala kuzidisha.

"Trente minutes, papa," humwambia, huku anamtazama anayefuata.