Usiguse, Cheri

Sikio la dirishani halina macho, mabinti. Kabla ya kufunga simu ya mutu, mufungue kwanza mulango wake. Keren alijifunza hayo akiwa amekwisha kulia machozi ya bure karibu wiki nzima, na mambo yake yalianzia soko la mutaa wa Kenya hapa mujini, siku ya samedi, Jumamosi, kati ya mabeseni ya dagaa kapenta na marundo ya viatu.

"Mutu asikanyage! Bantu bote, simameni!"

Kijana mumoja alikuwa amepiga magoti katikati ya njia. Mufuko wake ulikuwa umepasuka, na vitu vidogo vya shaba njano, ile tunaita laiton, vimetawanyika chini: taa ndogo kama punje za muchele, vishikio vya milango, rimu za magurudumu za kutosha kwenye ncha ya kidole. Watu wakacheka, wakaruka, wakapita. Keren peke yake ndiye alisimama, na robe yake, gauni ya kitenge cha manjano, na viatu virefu, muguu mumoja juu kama korongo.

"Weye mudada wa robe ya manjano! Usishushe muguu!"

"Nisimame hivi mpaka Noeli?"

"Kuna kalandre chini ya kiatu yako."

"Kuna nini?"

"Kalandre. Meno ya mbele ya gari."

"Gari iko chini ya kiatu yangu? Kaka, asubuhi hii umekunywa nini?"

Akainua kiatu, akaona kweli kinang'aa kitu chembamba kama kitana cha mudoli. Akanyoosha mukono kukitoa.

"Usiguse!" Kijana akamupa kibano. "Vidole biko na mafuta. Na nikeli haishike pa mafuta."

"Unanifundisha? Hata vernis, rangi ya kucha, haishike ku musumari ya kidole yenye mafuta. Miye natengenezaka misumari ya bamama, pale karibu na kituo ya bus."

Kijana akainua kichwa. Alikuwa na macho ya kucheka na doa la rangi nyekundu shavuni. Akamutazama kama mutu aliyesikia luga ya kwao katika nchi ya mbali.

"Naitwa Gauthier," akasema. "Natengeneza magari."

"Makubwa namna hii?"

"Makubwa namna hii."

Basi wakacheka, na mutego ukafunga.

Karakana ya Gauthier ilikuwa chumba kimoja huko Makomeno, chenye harufu ya sabuni na tinde. Kila kipande cha laiton alikisugua kwa muswaki na majivu, akakisuuza, akakifunga kwa waya bila kukigusa, akakizamisha katika maji ya kijani ya nikeli yenye nguvu ya betri. Kiliingia cha manjano, kikatoka cheupe kama mwezi. Keren alimuletea burashi yake nyembamba kuliko zote, ile ya kuchora maua kwenye musumari, na tangu siku hiyo milango ya magari ilipakwa rangi bila alama ya burashi hata moja.

"Usiguse, cheri," Gauthier alimwambia kila mara alipopeleka kidole.

"Siku moja nitagusa kila kitu humu ndani."

"Siku hiyo nitakufa."

"Nitakuzika ndani ya gari yako. Mutaingia kidole yako moja tu."

Lakini nyumbani, mutaa wa Hewa Bora, mama yake Keren, Mama Mwaba, hakucheka. Yeye alikuwa amevalishwa pete ya dhahabu katika usichana wake. Musimu wa kwanza wa mvua, dhahabu ikaondoka, kidole kikawa kijani. Musimu wa pili, bwana naye akaondoka.

"Mwanaume wa kung'arisha bintu, mutoto wangu! Kazi yake ni kuvalisha laiton nguo ya feza. Na maneno yake je? Umeyakwaruza kuona chini kuko nini?"

"Mama, Gauthier si papa yangu."

"Hata papa yako hakukuwa mutu wa kukimbia, siku ya kwanza."

Neno hilo likamukaa Keren moyoni kama mwiba wa samaki. Siku ya jeudi, Alhamisi, akaenda Makomeno mchana, amebeba mikate ya mafuta ya moto, amevaa robe mupya ya bluu. Alipofika chini ya dirisha, akasikia sauti ya Gauthier kwenye simu, tamu kabisa:

"Ndiyo, Léonie eko uchi sasa. Nimemusugua muzuri, mwili mzima, na sabuni. Hapana, hakuna mutu atamugusa, ni miye tu! Kesho namuvalisha shemizi, kisha robe nyekundu. Ah, eko muzuri, sikuficha! Hata miye nimelala kidogo juu yake, namuwaza."

Mikate ikaanguka. Keren hakugonga mulango. Alirudi mbio, viatu mukononi, akafunga namba ya Gauthier kabla hajafika barabarani.

Wiki ile mama mumoja alitoka kwake na mukono mumoja musumari nyekundu, mukono mwingine kijani. Gauthier akapiga kwa namba za jirani. "Keren, nimekosa nini?" "Uulize yule wa robe nyekundu!" Kap, simu imekufa. Naye Mama Mwaba, aliyetabiri yote, hakuweza kula. Kumbe kushinda mutoto wako hakushibishi.

Siku ya mardi, Jumanne, muzee mumoja mwenye kofia ya wafanyakazi wa reli akaketi mbele ya meza ya misumari, amekumbatia kisanduku.

"Papa, unataka misumari?" Keren akauliza.

"Miye ni Anaclet, mama. Sina misumari ya kuonyesha. Natafuta mukono yako. Mufundi wangu anasema kuandika jina kidogo hivi hapa mujini, ni weye tu. Lakini anasema pia umemukatalia simu, na tangu pale anaharibu kila herufi."

Akafungua kisanduku. Ndani mulikuwa gari nyekundu ndogo ya zamani, taa zake zinang'aa, kalandre yake nyeupe.

"Ni mufano wa ile gari ilitupeleka kanisani kwa arusi, miye na bibi yangu. Bibi alikufa, gari nayo ilikufa. Sasa andika pa mulango jina ya bibi: Léonie."

Burashi ikabaki hewani.

"Papa... nguo ya kwanza ya rangi, inaitwaka nini?"

"Mufundi anasema ni shemizi, aliniambia ku simu ile jeudi. Laiton yenye haijavaa kitu, anasema iko uchi. Bafundi beko na bichwa byabo!"

Keren akacheka mpaka akalia. Akaandika LÉONIE kwa herufi ndogo kama miguu ya sisimizi, kisha akafungua namba ya Gauthier, akapiga.

"Allô?" Gauthier akaitika.

"Léonie eko muzuri," Keren akasema. "Lakini miye nina wivu. Utanisugua lini na sabuni?"

"Keren! Mama yangu! Ulisikia ile simu?"

"Nilisikia. Sikuuliza. Nisamehe, cheri."

"Dimanche, kisha misa, niko kwenu. Usiambie mama. Hapana, umwambie!"

Dimanche Gauthier akaja na koti jeusi, Papa Anaclet mbele yake kama musemaji wa ukoo. Mama Mwaba alikaa kwenye kiti uani bila kutabasamu, Keren nyuma yake. Gauthier akapiga goti, akafungua kitambaa: pete ya manjano, imeshikwa kwa waya.

"Hii iko dhahabu?" Mama Mwaba akauliza.

"Hapana, mama. Ni laiton. Ningeweza kuivalisha feza, lakini nimeileta uchi, uione yote."

Mama Mwaba akaichukua, akaiweka kinywani, akaiuma.

"Aï, mama! Umeigusa!"

"Nimeiuma, mukwe. Sasa nayua chini kuko nini."

Vicheko vikapasuka mpaka kwa jirani. Ikabidi bwana-arusi apewe kikopo, majivu na muswaki, akasugue pete upya palepale uani, koti jeusi mabegani, Papa Anaclet akimumiminia maji. Alipomaliza, akaishika kwa waya, safi, ikimeta juani, akamunyooshea Keren.

"Leo jioni naivalisha nikeli," akasema. "Pa mafuta ya kidole haitashika. Alama yako itabaki manjano, siku zote."

Keren akaficha mukono nyuma. "Ulinikataza."

"Gusa, cheri."

Akaweka kidole gumba, akakikandamiza, na hakukitoa upesi.